Jina la Aino

Mwaka uliopita, siku chache kabla ya Pasaka, wazee wa usharika wetu walikutana kuyatazama majina ya watoto watakaobatizwa. Shauri la namna hii halichukui muda mwingi: karani husoma, wazee huitikia, mambo yakaisha. Lakini siku ile karani alifika penye jina moja akasita, akalisoma tena, ndipo mzee mmoja akauliza, "Aino? Ni nani huyo katika Biblia?" Karani akajibu ya kwamba hakumwona. Yule mzee akasema, "Basi jina hili limetoka wapi?"

Bibi yake mtoto alikuwa amekaa barazani akingoja. Akaitwa, akaingia, akawaamkia wote, akasema, "Wazee wangu, mama yake mtoto huyu nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili. Aliyenishika mkono mpaka kukacha alikuwa mwuguzi wa Kifini, na jina lake Aino. Nilitaka kumpa binti yangu jina hilo kwa shukrani, nikakatazwa. Sasa nimepata mjukuu. Naomba nisikatazwe mara ya pili." Alipokuwa akisema maneno haya hakutazama upande wetu.

Msomaji mpenzi, waliomkataza mara ya kwanza ni sisi. Wakati ule, yapata miaka arobaini sasa, tulikuwa tumetoka chuo cha ualimu juzi juzi, tukakabidhiwa daftari ya ubatizo kwa sababu ya mwandiko wetu. Nasi tuliamini ya kuwa jina lisilo la nabii, wala la mtume, wala la mwanamke mcha Mungu wa Maandiko, si jina la kubatizia mtu. Tulimwambia yule mama achague jina lingine. Na alipokaa kimya tulimchagulia sisi, tukaandika Elizabeti. Binti yule alikua mbele ya macho yetu, akasoma katika darasa letu, akaolewa, akazaa. Hatukupata kumsikia mama yake akimwita Elizabeti hata siku moja. Humwita "Mwanangu", basi.

Wazee wakashauriana, wakasema, "Mwalimu ana vitabu. Na atafute habari za jina hili, atuletee baada ya majuma mawili." Ndivyo tulivyoipata kazi hii, nasi tuliifanya kwa bidii kupita walivyotazamia wazee. Tuliyoyaona twayaandika hapa, maana huenda yakawafaa na watu wa sharika nyingine.

Ufini ni nchi ya kaskazini ya Ulaya, yenye misitu na maziwa mengi mno. Karne nyingi ilikuwa chini ya ufalme wa Uswidi; mwaka 1809 ikatwaliwa na Kaisari wa Urusi; mwaka 1917 ikapata kujitawala. Watu wake wengi ni Walutheri, na Agano Jipya walilipata katika lugha yao mwaka 1548 kwa kazi ya Mikael Agricola. Wamisionari wao walianza kazi kwetu Tanganyika mwaka 1948, na wengi wetu tulitibiwa au kufundishwa nao. Lugha yao haifanani na ile ya Waswidi wala ya Warusi waliowatawala. Tena tulifurahi kujua kwamba wao kama sisi hawatengi mwanamume na mwanamke wanaposema "yeye". Neno lao "hän" latosha kwa wote wawili. Jina lenyewe husomeka kama Kiswahili, a-i-no, ila wao hukaza sauti mwanzo wa neno, na sisi tunaikaza katikati. Majirani zetu wengine husema "Aina", wakauliza, "Aina gani?" Tusiwacheke, maana hata sisi tulianza hivyo.

Katika Kifini "aino" ni neno la zamani, na maana yake ni "pekee". Siku hizi katika mazungumzo husema "ainoa". Halikuwa jina la mtu kabisa. Lilikuwa neno la kumsifia mtoto, kama mtu asemavyo binti wa pekee, dada wa pekee. Nyimbo za kale za Wafini, zilizoimbwa vizazi kwa vizazi na watu wasiojua kusoma, zina neno hili mara nyingi, lakini halisimami peke yake. Humfuata msichana kama kivuli. Msichana mwenyewe katika nyimbo nyingi huitwa Anni, na "aino" ni sifa yake tu.

Aliyeligeuza neno hili likawa jina ni mtu mmoja, naye twamjua. Ni Elias Lönnrot, aliyezaliwa mwaka 1802 katika kijiji cha Sammatti, mwana wa fundi cherehani maskini. Alisoma kwa taabu akawa mganga wa serikali katika mji mdogo wa Kajaani, naye kila alipopata nafasi alifunga safari, mara nyingi kwa miguu, mpaka Karelia upande wa Urusi, akiwasikiliza wazee wakiimba na kuyaandika maneno yao. Mwaka 1834 alimwona mzee Arhippa Perttunen, akakaa kwake siku kadhaa akiandika. Nyimbo hizo alizipanga na kuziunga, akazitoa kitabuni mwaka 1835, akakiita Kalevala. Mwaka 1849 alikitoa tena, kimekuwa kikubwa karibu mara mbili, nyimbo 50 na mistari 22,795. Kitabu hiki kimekwisha kutafsiriwa katika lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Wazee waliposikia habari za nyimbo za kale wakakunja uso, kwa hiyo tuliwaambia mapema ya kwamba Lönnrot huyu huyu, katika uzee wake, alifanya kazi nyingi ya kutengeneza kitabu cha nyimbo za kanisa la Ufini.

Basi, katika kuunga nyimbo Lönnrot aliona kwamba msichana wake ahitaji jina. Akalichukua lile neno la sifa, akaliandika kwa herufi kubwa: Aino. Twaweza kusema kwamba jina hili lilizaliwa katika ncha ya kalamu yake.

Hadithi ya Aino katika Kalevala ni hii, nasi twaisimulia kwa maneno yetu. Alikuwapo mzee Väinämöinen, mwimbaji mkuu, ambaye nyimbo zake zilikuwa na nguvu ya kugeuza vitu. Kijana Joukahainen akamwonea wivu, akaenda kushindana naye. Wakakutana njiani, magari yao ya kuteleza juu ya theluji yakagongana, wala hakuna aliyekubali kumpisha mwenziwe. Kijana akajisifu kwa elimu ndogo aliyokuwa nayo. Mzee akakasirika, akaimba, na kijana akaanza kuzama katika tope la kinamasi. Akaona anakufa. Akaahidi kutoa pinde zake, mzee akakataa. Akaahidi mashua, akakataa. Akaahidi farasi, na dhahabu na fedha, na mashamba, vyote vikakataliwa. Tope lilipomfikia kidevuni akaahidi kumtoa dada yake. Mzee akafurahi, akaimba tena, kijana akatoka.

Joukahainen alirudi nyumbani akilia, maana alijua alilolitenda. Lakini mama yake akasugua viganja vyake kwa furaha, akasema amekuwa akitamani siku zote kupata mkwe mkubwa kama yule. Aino ndiye aliyelia. Mama akamwambia anyamaze, ale siagi mwaka mzima anenepe awe mzuri, kisha aende ghalani ajivike mavazi na mishipi ya dhahabu. Msichana akavaa yote. Akatoka, akatembea msituni na nyikani bila kujua aendako, akafika ufuoni penye maji. Huko aliona wasichana watatu wakioga. Akavua mapambo yake, akaogelea mpaka kwenye mwamba mmoja, akakaa juu yake, mwamba ukazama pamoja naye.

Habari ilipelekwa nyumbani na nani? Dubu hakwenda, mbwa mwitu hakwenda, mbweha hakwenda. Alikwenda sungura. Na alipofika, wasichana wa nyumbani walitaka kumpika, ndipo akasema amekuja na neno. Tulipoyasoma haya tulicheka kidogo, kwa kuwa sungura wetu asingalijiingiza katika hatari ya namna ile bila hila. Kisha tukaona haya kwa kucheka, maana mistari inayofuata ni ya mama akilia. Machozi yake yakawa mito mitatu. Naye akawaonya akina mama wote wasiwashurutishe binti zao kuolewa na mtu wasiyempenda, kama alivyofanya yeye.

Baadaye Väinämöinen alikwenda kuvua katika maji yale. Akapata samaki asiyemjua, akachomoa kisu amkate awe chakula cha asubuhi. Samaki akaponyoka, akainua kichwa juu ya maji, akamwambia kwamba yeye ni Aino, na ya kuwa alikuja kukaa naye kama mwenzi wake, naye hakuweza kumtambua. Akazama, asionekane tena.

Hapo tuliweka kitabu chini. Kilichotushika si yule mzee, wala yule kaka, ila jina. Tazama: msichana huyu kila anapotajwa huitwa wa mtu fulani. Ni dada wa pekee, binti wa pekee. Kaka alipokuwa topeni alimtoa kama mtu atoavyo farasi. Hata jina lake latuambia tu kwamba wenzake hawakuwa na mwingine. Tukamkumbuka binti wa Yeftha katika Waamuzi mlango wa 11. Naye alikuwa mtoto wa pekee wa baba yake. Naye alitolewa kwa kinywa cha mwanamume aliyeahidi neno kabla ya kufikiri. Na Maandiko hayatuambii jina lake. Wasichana wa Israeli walikwenda kila mwaka siku nne kumkumbuka, wala hatujui walimwitaje. Mara nyingi tumesomesha sura ile kwa vijana wa kipaimara, na kila mara tulifundisha habari ya nadhiri. Habari ya jina hatukuiona hata mara moja.

Mtu angedhani ya kuwa Wafini wangaliogopa kuwapa watoto wao jina la msichana aliyezama. Hawakuogopa. Mwaka 1871, miaka 22 baada ya kitabu kikubwa, jemadari Alexander Järnefelt na mkewe walimpa binti yao jina hilo. Binti huyo aliolewa mwaka 1892 na mtunga muziki Jean Sibelius, na nyumba waliyoijenga karibu na ziwa na kuhamia mwaka 1904 iliitwa Ainola, maana yake kwao Aino. Huko walikaa, wakalea binti zao. Mume akafa mwaka 1957, mke mwaka 1969, na wote wawili wamezikwa bustanini mwa nyumba ile. Wako pia Aino Ackté mwimbaji, na Aino Kallas mwandishi wa vitabu, na Aino Aalto msanifu wa majengo. Mwanzoni mwa karne ya 20 jina hili lilienea kila mahali, kisha likapungua kama mtindo wa nguo, na katika karne hii ya 21 limerudi likapendwa sana tena. Katika kalenda yao siku ya Aino ni tarehe 10 Mei.

Mchoraji Akseli Gallen-Kallela aliichora hadithi hii katika picha moja yenye sehemu tatu, ambayo aliimaliza mwaka 1891 nayo sasa i mjini Helsinki: upande mmoja mzee anakutana na msichana msituni, upande wa pili msichana analia ufuoni, na katikati samaki anaponyoka. Mchoraji huyo twapenda kumtaja kwa sababu mbili. Kwanza, mwaka 1909 alikuja Nairobi pamoja na mkewe na watoto wao, akakaa zaidi ya mwaka akichora nchi na watu na wanyama. Pili, yeye mwenyewe alizaliwa akiitwa Axel Gallén, jina la Kiswidi, na mwaka 1907 alilibadili likawa la Kifini.

Hakufanya hivyo peke yake. Zamani, mchungaji wa Ufini alipoandika daftari ya kanisa, aliandika kwa Kiswidi. Mkulima aliyeitwa Juhani nyumbani, aliandikwa Johan. Na mwanamke aliyeitwa Liisa na mumewe, na watoto wake, na majirani zake wote, aliandikwa (tulisoma mara tatu tukihakikisha macho yetu) Elisabet. Mtu aliishi na jina moja akazikwa kwa jina lingine. Ndipo katika karne ya 19 watu wakaanza kuipenda lugha yao. Mwaka 1906, tarehe 12 Mei, siku ya ukumbusho wa miaka mia tangu kuzaliwa J. V. Snellman, aliyepigania sana lugha ya Kifini, maelfu ya watu walibadili majina yao ya ukoo ya Kiswidi wakatwaa ya Kifini. Na mwaka 1908 kalenda ikapangwa upya, majina mengi ya Kifini yakaingizwa. Hawa walikuwa Wakristo, nao walibatizwa, wala kanisa lao halikuanguka.

Twakiri kwamba hapa tulisimama tukatembea uani. Maana wale waliotufundisha sisi, au waliowafundisha waliotufundisha, walitoka katika nchi zilizokuwa na majina yao wenyewe, na baadhi yao walipofika kwetu walituambia kwamba majina ya bibi zetu ni ya kishenzi. Hatuwalaumu wote. Lakini hakuna Mzungu aliyetuamuru kuandika Elizabeti. Kalamu ilikuwa mkononi mwetu.

Mambo haya hayakuishia Ulaya. Wamisionari wa Kifini walifika Ovambo, kaskazini mwa Namibia, mwaka 1870, na mpaka leo huko wako watu wengi wenye majina ya Kifini ambao hawajaiona theluji. Andimba Toivo ya Toivo, aliyefungwa miaka mingi katika kisiwa cha Robben kwa kupigania uhuru wa nchi yake, alichukua jina lenye maana ya "tumaini". Wako na akina Rauha, maana yake "amani". Twaona kwamba jina la kigeni si baya kwa kuwa ni geni, wala la nyumbani si jema kwa kuwa ni la nyumbani. Kubwa ni nani aliyelichagua, na kwa nini.

Kitu cha mwisho tulikipata usiku mmoja kabla ya mkutano. Rafiki yetu mchungaji, aliyesoma Helsinki miaka mitatu, alitufungulia Biblia ya Kifini katika Yohana 3:16. Pale tusomapo sisi habari ya Mwana wa pekee, wao wana neno "ainokainen". Akaweka kidole chini ya herufi nne za kwanza. Tuliziona wenyewe.

Tuliwasomea wazee habari hizi zote, isipokuwa ile ya Elizabeti wa kwetu. Yule mzee aliyeuliza mwanzo akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo ni jina la msichana aliyejitosa majini kwa sababu ya kaka yake." Tukajibu, "Ndiyo, mzee, tena ni neno la Yohana mlango wa tatu." Akasema, "Yote mawili?" Tukasema, "Yote mawili." Akafikiri, kisha akasema kwamba yeye hapendi hadithi ile, lakini jina ameridhika nalo, na mama wa mtoto aambiwe hadithi yote asije akaisikia kwa wengine. Tuliona ni neno la busara. Tulikwenda sisi wenyewe kumwambia. Alikuwa akichambua maharagwe. Akatusikiliza bila kuacha kazi, akauliza kama yule kaka aliadhibiwa. Tukasema kitabu hakisemi. Akasema, "Hawaadhibiwi."

Jumapili ya Pasaka mchungaji aliuliza jina la mtoto, na mama akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "Aino," akikaza mwanzo wa neno kama Wafini wafanyavyo. Hatujui nani alimfundisha. Baada ya ibada tuliandika jina daftarini kwa mkono wetu. Tena tukaitoa daftari ya zamani kabatini, tukafungua ukurasa ule. Wino umefifia kidogo, lakini mwandiko wetu u wazi.

Bibi yake mtoto alitupita mlangoni akasema, "Ahsante, Mwalimu, kwa kusoma." Tukajibu, "Haya, Mama, twashukuru." Kuna neno lingine lililotupasa kusema nasi hatukulisema pale, kwa kuwa watu walikuwa wengi, na kwa kuwa tuliogopa. Tumelisema hapa. Nyumba yake ni ya nne kutoka kwetu, naye hulichukua gazeti hili kila mwezi.